Mdomo na Makazi: Uteuzi wa Samaki wa Tabaka la Juu katika Tangi la Pamoja

Utangulizi

Tangi la vioo lenye samaki wa mapambo si kitu kigeni tena mijini. Huonekana majumbani, katika vyumba vya kungojea daktari na katika kumbi za mapokezi za hoteli. Aghalabu wakazi wa tangi hilo huteuliwa kwa rangi. Mnunuzi husimama dukani, akaonyesha kwa kidole mwekundu, wa manjano na mwenye milia, akalipa na kwenda zake. Baada ya wiki tatu wawili wametoweka bila mizoga kuonekana, mmoja amekutwa sakafuni amekauka, na aliyesalia amenona. Hapo muuzaji hulaumiwa, maji hulaumiwa, hata paka wa jirani hutiwa hatiani.

Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo, hasa kwa samaki wakaao karibu na uso wa maji, ingeweza kuepukwa kwa kuutazama mdomo wa samaki kabla ya kuitazama rangi yake. Mdomo humfichulia mnunuzi mahali samaki anapokaa, chakula anachokitarajia na jirani asiyefaa kuwekwa naye.

Umbo na makazi

Wafugaji huligawa tangi katika matabaka matatu: la juu, la kati na la chini. Mgawanyo huu haukuwekwa na wafugaji kwa matakwa yao, kwani umo katika maungo ya samaki wenyewe. Samaki wa chini, kama wale wa jenasi ya Corydoras, huwa na mdomo ulioelekea chini na tumbo lililo bapa. Samaki wa kati huwa na mdomo ulio mbele. Wa juu huwa na mdomo uliopinda kuelekea juu, mgongo ulionyooka na, kwa wengi wao, pezi la mgongoni lililorudi nyuma karibu na mkia. Umbo hilo humwezesha kutulia chini kidogo ya uso wa maji na kumnyakua mdudu aliyeanguka bila kulazimika kugeuka.

Wavuvi wa pwani ya Kenya wanaifahamu hali hii, ijapokuwa hawafugi samaki vyumbani. Chuchunge na panzi wa baharini ni samaki wa juu, na majina yao hayahitaji ufafanuzi kwa mtu wa Lamu au Vanga. Jamaa wa chuchunge wakaao katika maji yasiyo na chumvi, Dermogenys pusilla wa Asia ya Kusini-Mashariki, huuzwa kama samaki wa mapambo. Naye Carnegiella strigata wa bonde la Amazon, anayeweza kuitwa samaki-shoka kwa sababu ya kifua chake kilichochongoka, huruka nje ya maji anapotishwa kama afanyavyo panzi.

Suala la majina si la wanaisimu peke yao. Pantodon buchholzi wa mito ya Afrika Magharibi na ya Kati huitwa kipepeo kwa Kiingereza kwa sababu ya mapezi yake mapana ya kifuani. Lugha hiyo hiyo huwapa jina hilo samaki wa matumbawe ambao Waswahili huwaita kitatange. Mmoja huishi katika maji baridi yaliyotulia, mwingine katika maji ya chumvi. Mnunuzi anayesoma juu ya mmoja na kuletewa mwingine amekwisha kupoteza fedha zake. Kiswahili hapa kimetenganisha kile ambacho Kiingereza kimekichanganya. Hata hivyo, maadamu samaki wengi wa maduka hawana majina ya Kiswahili yaliyokubalika, ni salama zaidi kuuliza jina la kisayansi.

Kipimo cha kinywa

Kanuni ya kwanza ya upatanifu ni nyepesi: samaki anayeweza kuingia katika kinywa cha mwenzake ataingia, ikiwa si mchana basi usiku. Kanuni hii haina uhusiano na ukali wa tabia. Pantodon ni mpole mno kwa kumtazama. Huelea kimya chini ya jani kwa saa nyingi kana kwamba amelala. Lakini hufikia urefu wa karibu sentimita 12, na kinywa chake hufunguka kwa upana usiotarajiwa. Samaki wa sentimita tatu apitaye mbele yake ni sawa na mdudu aliyeanguka kutoka mtini. Aplocheilus lineatus wa India, mwenye urefu wa sentimita 10 hivi, hana tofauti kubwa naye. Wote wawili huuzwa wakiwa wachanga, wadogo na wa kuvutia, na hapo ndipo mtego ulipo. Mnunuzi hana budi kukadiria kimo cha samaki mzima badala ya kile cha dukani.

Afrika Mashariki ina ushahidi mkubwa zaidi kuliko wa tangi lolote. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka. Zipo sababu nyingine zilizochangia, miongoni mwake uchafuzi wa maji, ila kinywa cha sangara kilitangulia orodha hiyo.

Kanuni ya pili husahaulika zaidi. Samaki wanaweza kukosa kulana na bado wasipatane. Danio rerio, yule mdogo wa milia ya buluu, hawezi kummeza samaki-shoka. Vimo vyao vinakaribiana, sentimita nne kwa nne. Lakini danio ni mwepesi na hajui haya. Chakula kikidondoshwa juu ya maji hukifikia kabla ya samaki-shoka, ambaye ni mwoga, hajaamua kujitokeza. Siku zinavyopita kifua cha samaki-shoka hupungua, na mwenye tangi husema kwamba amekufa kwa ugonjwa usiojulikana. Kwa hakika amekufa kwa njaa katikati ya chakula.

Hali kadhalika, madume wa Dermogenys hupigana wenyewe kwa wenyewe, na danio huweza kuyadonoa mapezi marefu ya Betta splendens.

Eneo, si ujazo

Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40 huchukua lita 112. Likisimamishwa kwa ubavu wake mfupi, likawa na kimo cha sentimita 80, ujazo haubadiliki. Lakini uso wa maji, uliokuwa sentimita za mraba 2,800, sasa ni 1,400. Kwa samaki wa juu nyumba imegawanywa nusu kwa nusu, ilhali muuzaji angali anahesabu lita zile zile. Kwa sababu hiyo matangi marefu ya kwenda juu, ambayo hupendeza sana pembeni mwa sebule, hayawafai samaki hawa. Aidha, spishi moja au mbili zinatosha juu, na samaki wa makundi kama danio na samaki-shoka wasipungue sita kwa kila spishi.

Kifuniko ni cha lazima, na tundu la waya wa kichujio lizibwe pia. Kati ya maji na kifuniko iachwe nafasi ya sentimita tano hivi. Nafasi hiyo huwafaa warukaji, na vilevile Betta, ambaye huvuta hewa kwa kiungo maalumu kilicho kichwani mwake.

Maji ya mahali

Hapa uteuzi hutegemea mahali tangi lilipo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai maji ya tangi lisilo na kipasha joto huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Danio huvumilia baridi hiyo. Samaki-shoka, anayehitaji nyuzi 24 hadi 28, haivumilii. Mombasa tatizo ni jingine. Maji ya visima hupita katika mawe ya matumbawe na kubeba chokaa nyingi, nayo maji magumu hayamfai samaki wa Amazon. Huwafaa zaidi gapi, yaani Poecilia reticulata. Maji ya mfereji nayo yaondolewe klorini kabla ya kutiwa samaki.

Lamprichthys tanganicanus, samaki mwenye vitone vya buluu apatikanaye katika Ziwa Tanganyika pekee, ni mfano bora wa rangi inayopotosha. Uzuri wake humfanya mtu atamani kumweka pamoja na samaki-shoka. Lakini maji ya ziwa lake ni magumu, yenye pH inayokaribia 9, na ya mwenzake ni laini yenye asidi kidogo. Hakuna maji ya katikati yatakayowaridhisha wote wawili.

Mifano ya uteuzi

Kwa tangi la lita 112 lililotajwa, lisilo na kipasha joto, jijini Nairobi, danio wanane juu na Corydoras sita wa spishi zinazostahimili ubaridi chini wanatosha. Likiwa na kipasha joto na maji laini, samaki-shoka wanane wanaweza kukaa juu ya kundi la neoni, Paracheirodon innesi, katikati. Wote hawa asili yao ni Amerika Kusini, na vinywa vyao ni vidogo. Mimea ielee sehemu moja ya uso wa maji ili kuwapa kivuli, na sehemu nyingine iachwe wazi. Pantodon atengewe tangi lenye maji yasiyosukumwa kwa nguvu, na wenzake wawe samaki wakubwa wa tabaka la kati, kama Phenacogrammus interruptus wa bonde la Kongo, ambaye hufikia sentimita nane.

Kwa Mombasa, gapi ndio uteuzi ulio rahisi zaidi, na ndio wenye hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Jike huzaa takriban kila mwezi, na huweza kuhifadhi mbegu za dume akazaa mara kadhaa baada ya dume kuondolewa. Tangi likijaa, mwenye nalo hushawishika kuwamwaga mtoni au bwawani. Katika nchi nyingi walikopelekwa ili wale viluwiluwi vya mbu, gapi wameenea na kuwasumbua samaki wenyeji. Ziada igawiwe wafugaji wengine au irudishwe dukani. Asiyetaka usumbufu huo anunue madume peke yao. Ndio wenye rangi hata hivyo.