Mkaa wa Jikoni na Miti ya Pwani

Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, ukapita Tegeta, Bunju na Mapinga, huenda ukapishana na pikipiki iliyobebeshwa magunia ya mkaa hata mwendeshaji wake haonekani kwa nyuma. Yeye aelekea mjini, nawe waelekea upande ulikotoka mkaa huo. Watu wengi humtazama kwa lawama wakisema: "Hawa ndio wanaomaliza misitu." Lakini yafaa tujiulize, anampelekea nani? Kama hakuna jiko linalomngoja mjini, mtu huyu asingeamka alfajiri kushona gunia.

Yafaa ifahamike kwanza gharama ya mkaa wenyewe. Kwa tanuri la udongo linalotumika sana vijijini, kilo 1 ya mkaa huhitaji kilo 5 hata 10 za kuni. Yaani sehemu kubwa ya mti huishia moshini kabla mkaa haujafika sokoni. Na miti hiyo haikusimama bure. Mto Ruvu, ambao huingia baharini karibu na Bagamoyo, ndio unaowanywesha wakazi wengi wa Dar es Salaam kwa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwishoni mwa mwaka 2022, mvua zilipokawia na maji ya mto yakapungua mno, jiji liligawiwa maji kwa zamu. Hatusemi kwamba mkaa ndio ulioleta ukame huo, la hasha. Mvua ina sababu zake. Lakini bonde lililovuliwa miti halihifadhi vizuri hata mvua chache linazopata. Maji hupita juu ya ardhi, yakachukua na udongo.

Huenda mtu akasema: "Gesi ni ghali, umeme ni ghali, nami nina watoto wa kulisha." Hoja hii ni ya haki, wala haijibiwi kwa kumkemea anayeitoa. Mwezi Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ambao lengo lake ni kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, ila chungu cha leo hakiwezi kungoja hata mwaka huo. Basi tutazame yawezekanayo jioni hii.

Jiko la bati tupu hutawanya joto pande zote, hata mpishi hupashwa moto kuliko sufuria. Jiko lenye kikombe cha udongo wa kuchoma ndani yake, la namna ile iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na baadaye kutengenezwa kwetu pia, huweza kuokoa theluthi ya mkaa au zaidi, mradi udongo wake usiwe umepasuka. Maharage na kunde zilowekwe tangu usiku. Sufuria ifunikwe. Chakula kikishachemka, kijilango cha jiko kisogezwe ili moto upungue, kwani maji yanayotokota kwa kishindo hayana joto kuliko yale yanayochemka taratibu. Yote ni nyuzi 100. Makaa yaliyobaki yatiwe katika chombo chenye kifuniko yazimike, yatumike kesho.

Liko na jambo ambalo kina mama wa pwani watalielewa upesi. Wali wetu hupaliwa, yaani makaa huwekwa juu ya mfuniko ili uive na kukauka. Badala ya kufanya hivyo, chukua kapu kubwa, ulijaze makumbi makavu ya nazi yaliyochambuliwa, ufanye shimo katikati mfano wa kiota. Wali ukishachemka dakika chache, uitie sufuria humo ingali yafuka, uifunike kwa mto au blanketi kuukuu. Joto lililomo ndani litaimaliza kazi iliyobaki. Baada ya saa moja hivi utakuta wali umeiva. Nakiri kwamba ukoko haupatikani, na wako watu ambao kwao wali usio na ukoko si wali.

Kutoka jikoni twende uani. Maji yaliyooshea mchele yatosha kunywesha kitalu kidogo cha mboga, na Mwislamu anayetawadha kwa kopo badala ya bomba lililoachwa wazi aweza kuketi kando ya miche yake, maji yakafanya kazi mbili. Wala hapana haja ya kununua vyungu. Kifuu cha nazi chatosha, hasa kile chenye macho, maana jicho moja ni laini na likitobolewa maji ya ziada hutoka humo. Tia udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mwandishi wa makala haya alianza kwa kosa: nilizika mbegu za nyanya kwa kina cha kidole kizima, nikangoja wiki tatu, kisha nikamlaumu muuza mbegu. Kina cha sentimita 1 chatosha. Mbegu za mchicha, kwa kuwa ni ndogo sana, zichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa, zisirundikane mahali pamoja. Miche ikae chini ya kivuli cha makuti, na katika wiki ya mwisho kivuli na maji vipunguzwe kidogo kidogo ili izoee jua. Nyanya hupenda kuhamishwa masika yakiisha na ubaridi wa Juni ukianza, kwa hiyo kitalu chake kianzwe Aprili au Mei.

Lakini uko mti wa pwani uliotutangulia katika kazi ya kuotesha. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mama yake, ikarefuka kama fimbo ya kijani, ndipo ikaanguka matopeni. Kwa karne nyingi tumekata mikoko bila kuiotesha. Boriti zake zilipakiwa majahazini hadi Arabuni, na upana wa vyumba vya nyumba zetu za mawe ulifuata urefu wa boriti. Baadaye mingine ikaondolewa kufanya mashamba ya chumvi, na mingine ikachomwa kwa kuokea chokaa na kukaangia samaki. Huko Kaole, kusini ya mji wa Bagamoyo, mikoko yasimama kati ya magofu na bahari hata leo, nayo mizizi yake ndiyo makimbilio ya kamba na samaki wachanga ambao wavuvi watawahitaji kesho. Anayetaka kupanda aokote mbegu iliyokomaa isiyotobolewa na kaa, aichomeke theluthi moja ya urefu wake matopeni, kichwa juu. Ila mikoko ni hifadhi ya serikali. Aanze kwa kuonana na ofisi ya misitu ya wilaya.

Mwenye gari, anayepikia gesi, asidhani kwamba maneno haya hayamhusu. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2 za hewa ya ukaa. Wazee wetu wanakumbuka zile Jumapili za miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, mafuta yalipoadimika hata magari ya binafsi yakakatazwa kutembea mchana wa siku hiyo. Mwaka 2022 hakuna aliyekatazwa, ila lita 1 ilipita shilingi 3,000, na wengi wakajikataza wenyewe.

Msukumo wa upepo kwa gari lendalo kilomita 110 kwa saa ni karibu mara mbili ya lile lendalo 80, na msukumo huo hushindwa kwa mafuta. Katika foleni ya Tegeta, anayekanyaga mafuta kwa nguvu kisha akafunga breki baada ya hatua 20 amelipia mwendo asioutumia. Ukimngoja mtu, zima injini. Keria ya juu isiyo na mzigo iondolewe. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa baridi. Na kama jirani naye ana safari ya Bagamoyo Jumamosi hiyo hiyo, mgongee mlango Ijumaa jioni mpange kwenda kwa gari moja.