Toka kwenye Windows ya majaribio kabla ya fildi

Wengi tumejiunga na Windows Insider ili tuonje toleo jipya mapema. Si vibaya, ila usiende fildi nayo. Nilipokuwa nakwenda Newala kuwahoji wakulima wa korosho, nilihamia toleo kamili nikiwa bado Masasi mjini, kwenye umeme na bando la kutosha.

Kwanza, nakili kazi zako kwenye diski ya nje, kisha fungua faili mbili tatu uone kama zinafunguka kweli.

Pili, angalia chaneli yako. Ukiwa Beta au Release Preview, ingia Windows Update, chagua kujiondoa toleo lijalo litakapotoka, halafu subiri. Mafaili yako yanabaki. Ukiwa Dev, kama nilivyokuwa mimi, au Canary, kwa kawaida hakuna njia ya mkato: unafuta na kupiga Windows upya. Andaa flashi ya GB 8 au zaidi, na upakue toleo kutoka Microsoft wenyewe.

Tatu, rudisha data, uijaribu siku mbili ndipo usafiri.

Windows hupigwa tena. Mahojiano ya mkulima aliyeacha shamba lake akusikilize hayarudiwi kirahisi.