Mdogo Wangu, Neno Hilo Usilipeleke

Wadogo zangu, leo namjibu binti anayeomba kazi ya mapokezi hotelini. Barua yake ya maombi ni ya Kiingereza, na amechoka kuandika kwamba yeye ni “confident”, kwa kuwa kila mwombaji anaandika hivyo hivyo. Akatafuta visawe kwenye simu, akakutana na “cocky”, akalipenda. Anauliza: Dada, niliweke?

Usiliweke, mdogo wangu. Neno hilo limetokana na “cock”, yaani jogoo, na linamsema mtu anayetunisha kifua na kujiona anajua kila kitu kabla hata hajapimwa. Meneja akilikuta kwenye barua yako, ataona umejisema vibaya mwenyewe. Orodha ya visawe hukupa maneno yanayokaribiana, lakini haikwambii lipi ni sifa na lipi ni kejeli.

Maneno ya mwendo ndiyo hutega zaidi. “Strut” ni kutembea kifua mbele na kichwa juu ili watu wakuone. “Swagger” ni mwendo wa kuyumbisha mabega, na mara nyingi husemwa juu ya wanaume. Shakespeare alilitumia miaka ya 1590 katika tamthilia yake A Midsummer Night's Dream, pale kijini Puck anapowakebehi mafundi waliokwenda msituni kufanya mazoezi ya mchezo wao. Kwa hiyo kejeli imo ndani yake tangu zamani. Baadaye wanamuziki wa hip hop wa Marekani wakaligeuza kuwa sifa, likatufikia sisi likiwa swaga, na leo msanii akiambiwa ana swaga anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Ofisini bado lina ile sura yake ya kale, basi liache kwenye muziki. “Sashay” limetokana na hatua ya dansi ya Kifaransa na hubeba mwendo wa maringo, wa kutikisa nyonga. “Flounce” ni kuondoka kwa hasira huku unajitupatupa. Ukitaka mwendo wa mtu anayejua aendako, bila majivuno, chukua “stride”.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya barua hii. Maneno ya kiburi mara nyingi hutuonyesha msemaji alitaka yule mwingine akae wapi. Kusini mwa Marekani, enzi za ubaguzi wa rangi, Mweusi aliyevaa vizuri au kumtazama Mzungu machoni aliitwa “uppity”, yaani amejipandisha kuliko alivyopangiwa. Mwaka 2008 mbunge wa Georgia, Lynn Westmoreland, aliwasema hivyo Barack Obama na mkewe, akalaumiwa vikali. Na wasichana wanaopenda kuongoza huitwa “bossy”. Mwaka 2014 Sheryl Sandberg, wakati huo mmoja wa viongozi wa kampuni ya Facebook, aliungana na chama cha Girl Scouts cha Marekani katika kampeni ya kuomba wasichana wasiitwe hivyo, maana mvulana mwenye tabia ile ile husifiwa kuwa ni kiongozi.

Kwetu je? Binti akisimama wima na kusema anachotaka, utasikia anaringa, anajisikia, ana nyodo. Kaka yake akifanya vivyo hivyo, huyo ni mwanaume anayejiamini. Na ajabu ni kwamba madaha na maringo tunayapenda: bibi harusi akitembea kwa madaha tunampigia vigelegele. Tunaufurahia mwendo wa mwanamke akiwa anatazamwa, tunaukasirikia ukimpeleka ofisini kwa bosi kudai mshahara wake. Nakataa jambo hilo kwa moyo wangu wote. Ukiitwa mwenye maringo kwa sababu hukuinamisha kichwa, usianze kukiinamisha.

Turudi kwenye barua. Tafuta Oxford Advanced Learner's Dictionary, kamusi iliyoanzishwa na A. S. Hornby kwa ajili ya watu wanaojifunza Kiingereza kama sisi. Pembeni ya neno lenye lawama mara nyingi utakuta alama “disapproving”. Ukiiona, usijisifie kwa neno hilo, na ufikirie mara mbili kabla ya kumwita nalo mwenzako. “Self-assured” halina tatizo. “Poised” lina utulivu wa mtu asiyebabaika, na kwa mapokezi linafaa sana. “Assertive” ni la mtu anayesema haki yake bila kumtukana mwingine. “Proud” liangalie: ukisema unajivunia kazi yako ni jambo jema, lakini mtu akiitwa “proud” peke yake, huenda anasemwa kuwa ana kiburi.

Zaidi ya yote, punguza sifa, weka matendo. Umenieleza kwamba ukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, umeme ulikatika, kompyuta zikazimika, nawe ukawapokea wageni wa basi zima kwa kuandika majina daftarini mpaka kila mmoja akapata chumba. Hilo halimo kwenye barua yako! Liweke aya ya pili, kwa sentensi tatu fupi, useme ilikuwa saa ngapi na wageni walikuwa wangapi. Kisha nitumie hiyo rasimu niisome kabla hujaipeleka.