Nitamtambuaje tumbusi angani?

SWALI: Nikiwa vijijini Narok, naona ndege wakubwa wakizunguka juu sana. Nitajuaje kama ni tumbusi, wala si tai wa kawaida?

JIBU: Tazama kichwa na mkia. Tumbusi akiruka, kichwa huonekana kidogo mno kwa mwili wake, mkia ni mfupi, na mabawa mapana yana manyoya yaliyoachana nchani kama vidole. Hapigi mabawa ovyo, huelea akizunguka. Tai wengi wana kichwa kinachochomoza vizuri. Ukiona miguu mirefu imening'inia nyuma, huyo ni korongo mfukoshingo, maana naye huzunguka pamoja na tumbusi.

Usihangaike alfajiri. Tumbusi wakubwa husubiri jua lipashe ardhi na hewa ya moto ianze kupanda, hivyo kuanzia saa tatu ndipo anga hujaa. Wakishuka kwa kasi upande mmoja, kuna mzoga huko. Wanautafuta kwa macho.

Ukikuta tumbusi kadhaa wamekufa kando ya mzoga, usiguse chochote: huenda umetiwa sumu iliyokusudiwa simba au fisi. Botswana, mwaka 2019, sumu iliua tumbusi zaidi ya 500 kwa tukio moja. Wapigie askari wa wanyamapori mara moja, kabla wengine hawajatua.