Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ukosefu wa Oksijeni na Kinga ya Mwili katika Upandikizaji wa Figo

1. Utangulizi

Aghalabu upandikizaji wa figo huelezwa kwa istiara ya mgeni na mwenyeji. Figo iliyotolewa na mtu mwingine ni mgeni, mwili unaoipokea ni mwenyeji, na mambo yanapoharibika husemwa kuwa mwili umeikataa figo. Istiara hii ina mashiko, ila inaficha jambo moja muhimu. Makala haya yanadhamiria kubainisha kuwa kinga ya mwili haiangalii ugeni wa figo pekee, bali pia hali ambamo figo inawasili. Figo iliyokaa muda mrefu bila oksijeni huwasili ikiwa na jeraha, na jeraha hilo huiamsha kinga.

2. Ugeni na Mipaka Yake

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walipandikiza figo ya Ronald Herrick katika mwili wa pacha wake, Richard. Kwa kuwa mapacha hao walikuwa wa kufanana, kinga haikuiona figo hiyo kuwa ngeni, na Richard aliishi miaka minane zaidi. Tukio hili liliimarisha rai kuwa siri ya mafanikio ni ulinganifu wa tishu.

Mnamo 1995, utafiti wa Paul Terasaki na wenzake uliitia rai hiyo katika mizani. Baada ya miaka mitatu, asilimia 85 ya figo zilizotolewa na waume au wake wa wagonjwa zilikuwa zingali zinafanya kazi. Kwa figo za wazazi ilikuwa asilimia 82, na kwa figo za wafu asilimia 70. Ajabu ni kwamba ulinganifu wa tishu baina ya wanandoa ulikuwa hafifu hata kuliko ule wa wafu na wagonjwa waliopewa figo zao. Tofauti hiyo, basi, haikutokana na nasaba. Watafiti waliihusisha na uzima wa figo yenyewe: figo ya mtu aliye hai haikuwa imejeruhiwa kabla ya kutolewa.

3. Yanayotukia Oksijeni Inapokosekana

Figo inapotenganishwa na mishipa ya damu, oksijeni hukoma kuifikia. Mitokondria, ambazo huipa seli nishati, hushindwa kuzalisha ATP ya kutosha. Pampu zinazosawazisha chumvi katika utando wa seli hulegea, seli hufura, na asidi hurundikana. Ndiyo sababu figo huoshwa kwa maji maalumu na kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Baridi hupunguza mahitaji ya seli, lakini haiyaondoi.

Kinaya ni kwamba madhara mengi hutokea oksijeni inaporudi. Wakati wa kungoja, kemikali iitwayo saksineti hurundikana katika mitokondria. Damu ya mpokeaji inapoingia, kemikali hiyo huunguzwa kwa kasi na kuzalisha molekuli kali za oksijeni ambazo huharibu utando, protini na jeni. Seli zinazokufa humwaga nje vitu ambavyo kwa kawaida hukaa ndani yake, kama vile ATP na protini ya kiini iitwayo HMGB1. Kwa kinga, vitu hivyo ni king'ora. Chembechembe nyeupe za damu humiminika na uvimbe huanza.

Kisha seli za dendriti, ambazo ni wajumbe wa kinga, hubeba antijeni za figo hadi kwenye tezi za limfu na kuzionyesha kwa seli T. Hapa ndipo ugeni na jeraha hukutana. Seli T iliyoonyeshwa antijeni pasipo ishara ya pili huweza kupoa. Iliyoonyeshwa antijeni pamoja na ishara ya hatari huchochewa kushambulia. Si ajabu, basi, kwamba figo zinazochelewa kuanza kazi, hata mgonjwa akahitaji kusafishwa damu kwa mashine katika juma la kwanza, hukabiliwa zaidi na hatari ya kukataliwa.

4. Sura Mbili za HIF

Ifahamike kuwa seli haikai kimya inapokosa hewa. Ina protini iitwayo HIF, ambayo huvunjwavunjwa oksijeni inapotosha na kuongezeka inapopungua. HIF huamsha jeni zinazoisaidia seli kustahimili dhiki. Ugunduzi wa utaratibu huu uliwapa William Kaelin, Gregg Semenza na Peter Ratcliffe, ambaye ni mtaalamu wa figo, Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Majaribio kwa panya yameonyesha kuwa kuiamsha HIF kabla ya upandikizaji huweza kuikinga figo. Hata hivyo, HIF hiyohiyo ikiwa ndani ya seli za kinga huweza kuchochea uvimbe. Dawa ya kuiongoza, kwa hivyo, yahitaji kupimiwa wakati na mahali.

5. Hitimisho

Nchini Kenya, figo zinazopandikizwa hutolewa zaidi na jamaa walio hai. Faida yake si undugu tu, bali pia ufupi wa muda ambao figo hukaa bila damu. Kwa mwanaisimu, funzo ni kwamba kitenzi "kukataa" hubebesha mwili lawama yote na kuisahau safari ya figo. Anayefasiri maarifa haya kwa mgonjwa na jamaa zake hana budi kuyataja yote mawili, ugeni na jeraha. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika upandikizaji, uponyaji huo hutegemea pia mgeni kufika akiwa mzima.