Mkojo Unaouma na Figo Zinazougua Kimya
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Mtu akitoka maabara na karatasi iliyoandikwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, swali lake la kwanza mara nyingi ni kama figo zake ziko salama. Hofu hiyo inaeleweka. Mtaani husemwa kwamba UTI ikikaa mwilini hupanda na kuua figo, na wauzaji wa dawa za chupa huikuza hofu hiyo kwa vipaza sauti kila stendi na kila gulio. Kijitabu hiki kimeandikwa ili kaya itenganishe mambo mawili. La kwanza ni kero za njia ya mkojo, ambazo humtesa mtu lakini kwa mwanamke mzima mwenye afya ni nadra kuharibu figo. La pili ni ugonjwa sugu wa figo, ambao hula figo polepole kwa miaka bila mkojo kuuma hata siku moja. Anayeyachanganya haya humeza antibayotiki asizozihitaji, huku presha yake ikiwa haijapimwa tangu alipojifungua mtoto wa mwisho.

Njia ya mkojo ilivyo

Figo ni mbili, zimekaa mgongoni usawa wa mbavu za mwisho, kila moja ukubwa wa ngumi. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha karibu yote huyarudisha mwilini. Lita moja au mbili zinazobaki ndizo mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili hadi kibofuni, na kutoka kibofuni hutoka nje kwa mrija mmoja. Kwa mwanamke mrija huo wa mwisho ni mfupi, kama sentimita 4, na mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa. Ndiyo maana wanawake huugua UTI mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

UTI hutoka wapi

Mara nyingi bakteria anayeileta ni E. koli, anayeishi ndani ya utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Hujipenyeza mbele, hupanda hadi kibofuni na kuzaliana. Choo cha shule au cha stendi hulaumiwa sana, lakini si chanzo kikuu. Tatizo kubwa la choo kichafu ni kwamba mwanafunzi au mama wa sokoni hukiogopa, akabana mkojo kutwa nzima na kukwepa kunywa maji ili asiende.

Jambo jingine lisemwe wazi, kwa sababu limevunja amani ya nyumba nyingi: UTI si ushahidi kwamba mwenzi ametoka nje ya ndoa. Tendo la ndoa lenyewe husogeza bakteria hadi kwenye mlango wa mrija, hata kwa wanandoa waaminifu. Ila kisonono na klamidia nazo huleta maumivu wakati wa kukojoa, na mara nyingi huambatana na uchafu ukeni au usaha uumeni. Hapo wenzi wote wawili wapimwe na watibiwe.

Dalili za UTI ya kibofu ni mkojo kuchoma, kwenda haja ndogo kila mara na kutoa kidogo, na maumivu chini ya kitovu. Lakini dalili hizo peke yake hazitoshi. Mradi wa utafiti uitwao HATUA ulichunguza wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI katika Kenya, Tanzania na Uganda. Mkojo wao ulipooteshwa maabara, takriban asilimia 35 tu ndio waliothibitishwa kuwa na maambukizi. Wengine wote, kwa kigezo cha maabara, hawakuthibitishwa. Na kati ya bakteria waliopatikana, karibu nusu walikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa kwa pamoja.

Takwimu hizo zinatuhusu sote tunaoingia duka la dawa na kuomba “sipro za UTI”. Katika kila watu watatu wenye dalili, wawili huenda wanameza dawa isiyowasaidia. Na yule wa tatu anaweza kukuta dawa imeshazoeleka, kwa sababu mtaa mzima umekuwa ukiimeza nusunusu. Hiki kinachoitwa “UTI sugu” mara nyingi ni moja ya mambo haya: bakteria asiyesikia dawa aliyopewa mgonjwa, ugonjwa mwingine kabisa uliopewa jina la UTI, au maambukizi mapya kila baada ya wiki kadhaa. Kila moja lina tiba yake, na hakuna linalotibiwa kwa kubahatisha dozi ya nne.

Kwa hiyo kipimo kina uzito, na kipimo huanzia kwenye kikopo. Jisafishe kwanza kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, kinga ule wa katikati bila kikopo kugusa mwili, na wa mwisho uende chooni pia. Usipofanya hivyo, chembechembe za ngozi na uchafu wa ukeni huingia kikoponi, na jibu linaweza kusomeka UTI wakati hakuna. Ukikaa karibu na dirisha la maabara utamwona mtaalamu akichovya ukanda mwembamba wa plastiki wenye viraka vidogo vya rangi, kisha akiulinganisha na rangi za kwenye kopo lake. Kiraka kimoja huonyesha chembe nyeupe za damu, kingine naitraiti inayotengenezwa na bakteria, kingine damu, kingine protini. Uliza majibu ya vyote. Ikiwa ni mara ya pili au ya tatu dalili zinarudi, omba mkojo uoteshwe kabla hujaanza dawa nyingine.

Kuhusu kinga, maji yana ushahidi mzuri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanawake 140 waliokuwa wakiugua UTI ya kibofu mara kwa mara, na ambao walikuwa wakinywa kidogo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliongeza lita 1.5 za maji kila siku. Kwa mwaka mzima kundi hilo liliugua wastani wa mara 1.7, na lile lisiloongeza mara 3.2. Wengi wa wanaouziwa chupa za “kusafisha kizazi na figo” wangeanza na hayo maji.

Damu mwishoni mwa mkojo

Kwa watu wa Unguja, Pemba, Kwale, Tana River na maeneo mengine yenye mito na mabwawa, kuna ugonjwa unaoshika kibofu na figo kwa pamoja, na tunauzoea kupita kiasi: kichocho cha mkojo. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwagundua minyoo wake mjini Cairo mwaka 1851.

Minyoo hao huanzia kwenye konokono wadogo wa maji baridi. Mtoto anapooga mtoni, mama anapofua bwawani au mkulima anapokanyaga majaruba ya mpunga, vijidudu visivyoonekana kwa macho hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Baadaye minyoo wakubwa hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai yenye mwiba. Mayai hukwangua ukuta wa kibofu yanapotoka. Mvulana huanza kukojoa mkojo wa kawaida, kisha matone ya mwisho yanatoka mekundu. Ziko jamii ambako watu wazima huambiana kwamba ni dalili ya kijana kukua. Si kukua, ni kidonda.

Mayai yasiyotoka hubaki ndani na kutengeneza makovu. Kovu likibana mahali mrija wa figo unapoingia kibofuni, mkojo hurudi nyuma, figo huvimba, na miaka ikipita huharibika. Hapa ndipo ile hofu ya mtaani, kwamba ugonjwa wa njia ya mkojo hupanda na kuua figo, ina ukweli wake. Kichocho kisichotibiwa pia kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mnyoo huyu katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa mwaka 1994. Kwa wanawake mayai hukaa pia ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yakaleta damu na maumivu ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa ugonjwa wa zinaa.

Kipimo cha kichocho kina saa yake. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaweza kukosa kuonyesha kitu. Dawa ni prazikwanteli. Wakati wa kampeni za shuleni mtoto husimama kando ya kijiti chenye alama za urefu, na alama inayofika utosini ndiyo inayosema ameze vidonge vingapi. Mpe uji au chakula kabla hajaenda, kwa sababu kichefuchefu cha dawa hii humzidi mwenye njaa, na mtoto aliyetapika mwaka huu atakimbia mwakani.

Zanzibar imefanya kazi kubwa hapa. Kati ya mwaka 2012 na 2017, shehia 90 za Unguja na Pemba zilishiriki jaribio la kulinganisha njia tatu: dawa kwa jamii peke yake, dawa pamoja na kuua konokono, na dawa pamoja na elimu ya kubadili tabia. Maambukizi yalishuka kote, lakini hayakukatika kabisa katika kundi lolote. Vidonge vinaua minyoo walio mwilini leo. Mtoto akirudi kuoga palepale kesho ataambukizwa tena.

Figo zinazougua bila kelele

Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 481 wa Moshi, mjini na vijijini. Asilimia 7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15.2, vijijini asilimia 2. Kati ya waliokuwa nao, takriban mmoja tu kwa kila kumi ndiye aliyejua.

Hawakujua kwa sababu hapakuwa na kinachouma. Figo zina akiba kubwa, na mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo wake huku kreatinini ya damu, yaani taka inayopimwa kujua kazi ya figo, ikisomeka kawaida au karibu na kawaida. Kuvimba miguu, uchovu mzito, kuwashwa mwili na kichefuchefu cha asubuhi huja baadaye sana. Mkojo wenye povu lisilokatika huweza kuwa dalili ya protini kupita mahali isipopaswa kupita, nalo linastahili kipimo.

Visababishi vikubwa ni shinikizo la juu la damu na kisukari. VVU navyo vinaweza kuumiza figo, na dawa za kufubaza virusi huzipunguzia hatari hiyo. Vipo pia vidonge vya maumivu tunavyonunua bila cheti, diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti. Inasikitisha zaidi pale mgongo wenyewe unapodhaniwa kuwa “figo zinauma”, na kinachomezwa kuzituliza ndicho kinachoziumiza.

Mwenye presha, kisukari au VVU, na mwenye ndugu wa damu aliyeugua figo, apime angalau mara moja kwa mwaka: presha, sukari, protini ya mkojo na kreatinini ya damu. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Upandikizaji wa figo ulifanyika hospitali ya Muhimbili, Tanzania, kwa mara ya kwanza mwaka 2017, lakini figo ya kupandikiza haipatikani kwa kila anayeihitaji. Kidonge cha presha cha kila siku ni nafuu mno kuliko hayo yote.

Usisubiri kesho

Homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu au kutapika ina maana maambukizi huenda yamefika figoni. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito apimwe mkojo kliniki hata kama hana dalili yoyote, na akikutwa na bakteria atibiwe, kwani kwake hupanda figoni kwa urahisi. Mtoto mdogo mwenye homa isiyoelezeka, ambaye malaria haijaonekana, apimwe mkojo pia. Figo zinazokua zinaweza kubaki na makovu.

Na baba au babu ambaye mkojo wake umekuwa ukikatikakatika, akiamka usiku mara nne, aonwe na daktari kwa ajili ya tezi dume bila kuona haya. Akishindwa kukojoa kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma, mpelekeni usiku huohuo. Mkojo utatolewa kwa mpira, na figo zilizobanwa kwa siku chache mara nyingi hurudi kufanya kazi.