Chanjo na Tawakkul: Je, Tunaikimbia Qadari?



Ndugu zangu katika imani, kila likizo nikirudi nyumbani naulizwa swali moja, kwa kuwa tu nasoma masomo ya Kiislamu: "Mwanangu, maradhi yanatoka kwa Allah na shifaa inatoka kwake. Kumchanja mtoto ambaye haumwi si kupungukiwa na tawakkul?" Nanyi mtaulizwa. Mara nyingi muulizaji ana mtoto mgongoni, kwa hiyo tusijibu ovyo.

Kwanza, swali hili si geni. Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika Sargh akapewa habari ya tauni. Baada ya kushauriana na maswahaba aliamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Umar akajibu kwamba anatoka katika qadari ya Allah na kuingia katika qadari ya Allah, akatoa mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha ngamia wake, ni kwa qadari. Ndipo Abdurrahman bin Awf (R.A.) akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia penye tauni, na pia kutoka huko kwa kuikimbia. Tuzingatie kwamba Umar hakuwa mgonjwa. Alichukua sababu kabla ya madhara kufika, na chanjo ni hivyo hivyo.

Pili, maradhi ya kuambukiza si jambo la mtu binafsi. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili surua isienee, inahitajika takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga. Hapa nakumbuka somo la fardhi kifaya: wakitekeleza wa kutosha, dhambi huwaondokea wote. Lakini mtu asiseme, "Wenzangu wanatosha, mimi nakaa." Ile nafasi ndogo iliyobaki ina wenyewe: watoto wachanga ambao hawajafikia miezi 9 ya kuchanjwa surua, na wagonjwa ambao miili yao haiwezi kupokea chanjo. Mzima akijiweka humo bila udhuru, anakula haki ya dhaifu.

Tatu, tujifunze kwa Kano, Nigeria. Mwaka 2003 chanjo ya polio ilisimamishwa huko kwa tuhuma kwamba inafunga uzazi. Hofu ile haikutoka hewani. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, dawa mpya ilijaribiwa kwa watoto wa Kano na jambo hilo likaacha jeraha. Lakini virusi havikusubiri. Kutoka kaskazini mwa Nigeria vilisambaa hadi Sudan, Yemen na Indonesia, na watoto wa Kiislamu wakapooza. Mwaka 2004 Kano ilirejea kuchanja, kwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya virusi vya asili. Tunaona kwamba wasiwasi wa watu uliondoka kwa kusikilizwa na kuonyeshwa ushahidi. Kejeli haikuhitajika.

Basi mama akikuuliza, usimwite mjinga. Mkumbushe kuwa hata Hija haiendewi bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na sisi wa Uganda tunadaiwa pia ya homa ya manjano. Hakuna anayesema mahujaji hawana tawakkul. Akiwa na shaka juu ya afya ya mwanawe, mpeleke kwa mhudumu wa kituo cha afya. Hiyo ni elimu ya wenyewe. Kisha amwombee mtoto dua. Sindano na dua havigombani.

Allah atulindie watoto wetu na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wallahu a'lam.